Kozi ya siku tano ya wauguzi viongozi, Mwanza: siku ya tatu peke yake inalipia nauli

Kozi hii imeandaliwa kwa mainchaji (wauguzi wasimamizi) wa wodi, wasaidizi wao, na wauguzi wanaotarajiwa kukaimu. Inaendeshwa na kampuni ndogo ya mafunzo kwenye ukumbi wa kukodi pale Nyegezi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi mpaka saa 10:00 jioni. Ada ni shilingi 180,000 kwa mtu, na ndani yake kuna kitini, chai ya saa 4 na chakula cha mchana. Malazi na nauli ni juu ya mshiriki au mwajiri wake. Shabaha yake ni moja: jinsi ya kuongoza timu ya wauguzi wa makabila, lugha na vyuo tofauti bila nafasi za uongozi kubaki mikononi mwa watu walewale.

Tunaipendekeza, kwa masharti. Siku ya pili, ya tatu na sehemu ya siku ya nne ni mafunzo ambayo kila wodi ya Kanda ya Ziwa ingepaswa kuyapata. Siku ya kwanza inahitaji kuandikwa upya, na ya tano haina mashiko.

Kwanza, kwa nini mada hii inastahili siku nzima tano. Ajira ya serikali haichagui mtu anatoka wapi. Muuguzi wa Rombo anapangiwa Ukerewe, wa Kyela anapangiwa Misungwi, wa Songea anapangiwa Buchosa. Upande wa pili wa kitanda mchanganyiko ni mkubwa vilevile. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inapokea rufaa za kanda yote: Kagera, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga. Hata hospitali ya wilaya yenye wodi ya vitanda 30 inaweza kuwa na mama Msukuma wa Kwimba, mzee Mkerewe, mvuvi Mjita, Mzinza wa Sengerema na binti Mkurya aliyemfuata mume mwaloni. Kiswahili kinatuunganisha wote, hilo halina ubishi. Lakini bibi wa miaka 75 akiwa na homa kali au mwanamke akiwa kwenye uchungu hurudi kwenye lugha ya mama yake, na hapo ndipo inaonekana nani yuko zamu na nani hayupo.

Tuanze na siku ya tatu kwa sababu ndiyo roho ya kozi. Kila mshiriki anatakiwa aje na rosta za miezi mitatu iliyopita za wodi yake. Anapewa karatasi kubwa, anaorodhesha majina ya wauguzi wote, kisha anahesabu kwa kila mmoja: zamu alizoongoza, naiti (zamu za usiku) alizofanya, wikiendi na sikukuu alizofanya kazi, siku alizokaimu uinchaji, na semina za nje alizopelekwa. Hakuna nadharia yoyote hapo, ni kuhesabu tu, na inachukua kama saa mbili. Hesabu ikishakamilika, picha inajitokeza yenyewe.

Kinachoonekana mara nyingi si ubaguzi wa wazi wa kabila. Inchaji anampa uongozi wa zamu mtu anayemwamini, na anayemwamini ni yule waliyesoma naye chuo kimoja, au wanaoongea lugha moja wakati wa chai, au anayepokea simu haraka. Hakuna nia mbaya. Lakini baada ya miaka mitatu, nafasi ya msaidizi wa inchaji ikitangazwa, mwenye uzoefu anaonekana ni mmoja, na wengine wote hawajawahi kushika hata ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa. Uongozi wa wodi unajengwa kwa vitu vidogo vya namna hiyo: nani anashika funguo, nani anatembea na daktari kwenye raundi na kumweleza hali ya wagonjwa, nani anasaini fomu ya kuombea dawa, nani anapokea simu ya metroni, yaani mkuu wa wauguzi. Asiyepewa vitu hivyo hawezi kupanda, hata awe hodari namna gani kwenye kuweka kanyula ya mshipani.

Dawa inayotolewa na kozi ni mzunguko wa viongozi wa zamu, na hesabu yake ni rahisi. Zamu tatu kwa siku kwa siku 30 ni zamu 90 kwa mwezi. Wodi yenye wauguzi 10 waliokidhi vigezo (leseni hai, miezi sita au zaidi ndani ya wodi) ingeweza kumpa kila mmoja zamu tisa za kuongoza. Kozi haidai usawa huo kamili. Inadai kwamba asiwepo mtu wa kundi hilo aliye chini ya zamu mbili kwa mwezi, na kwamba mbili za mwanzo aongoze akiwa na mzoefu ndani ya zamu ileile. Kila baada ya zamu, dakika kumi za kuzungumza: nini kilikwenda sawa, wapi ulikwama, ungemwita nani mapema zaidi. Dakika hizo kumi ndizo zinazorukwa kwanza wodi ikielemewa, na ndizo zinazofundisha kuliko zamu yenyewe.

Mambo matatu huharibika hapa, na wakufunzi wanayataja yote. La kwanza, watu huhesabu kwa kutumia rosta iliyobandikwa ukutani, wakati zamu halisi ziko kwenye daftari la kubadilishana. Rosta inasema Jumapili ilikuwa ya fulani, daftari linasema alibadilishana, na aliyekubali kubadilishana ni yuleyule asiyeweza kukataa: mgeni, kijana, au anayejitolea akisubiri ajira. Bila daftari, hesabu inadanganya. La pili, inchaji akitaka kutimiza idadi haraka humpa muuguzi mpya uongozi wa naiti, peke yake na wahudumu, wagonjwa 30. Huko ni kumtelekeza, na likitokea tatizo jina lake linachafuka kabla hajaanza. Zamu za kwanza za kuongoza ziwe za asubuhi ya katikati ya wiki, wakati metroni, daktari na maabara wote wapo. La tatu ni likizo.

Kwenye likizo, mkufunzi wa siku hiyo anaandika hesabu ubaoni ambayo kila inchaji anapaswa kuibandika ofisini. Wodi inahitaji wauguzi wanne asubuhi, watatu mchana na watatu usiku: nafasi 10 kwa siku, 70 kwa wiki. Wauguzi 14 wakifanya siku tano kila mmoja wanajaza nafasi 70 kamili. Inaonekana imetosha. Sasa weka likizo ya mwaka ya siku 28 kwa kila mtu: 14 mara 28 ni siku 392, na mwaka una siku 365. Maana yake hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo wauguzi wote 14 wanapaswa kuwepo. Daima mmoja yuko likizo. Waliobaki 13 wanajaza nafasi 65, na tano zinakosa mtu kila wiki. Akijifungua mmoja, siku 84 nyingine zinaongezeka juu yake. Nafasi hizo tano ndizo chanzo cha manung'uniko mengi yanayoitwa ya ukabila. Zinajazwa na nani? Zikijazwa kwa kupiga simu usiku kwa anayekaa karibu au asiye na ndugu mjini, basi mgeni atazibeba mwaka mzima. Zikiwekwa wazi kwenye rosta tangu mwanzo wa mwezi kama "nafasi tupu", na kugawanywa kwa zamu kama kazi nyingine yoyote, ugomvi unapungua.

Jambo jingine zuri la siku hii ni ofu za wanaotoka mbali. Muuguzi wa Magu anaweza kwenda kwao Ijumaa jioni akarudi Jumapili. Wa Mbeya anahitaji karibu siku mbili za njia kwenda na kurudi. Kitini kinapendekeza kuunganisha ofu: siku kumi kazini, nne mapumziko. Hapa hatukubaliani nacho moja kwa moja. Siku kumi mfululizo zikiwa na naiti ndani yake ni kukaribisha makosa ya dozi. Kama ni lazima, naiti zote zitolewe nje ya siku hizo kumi. Bora zaidi ni kubandika ofu mbili mwanzoni na mbili mwishoni mwa likizo yake ya mwaka, na kumwandikia mapema, si kumkumbuka siku ya kuondoka. Sikukuu nazo: wodi nyingi tayari zina desturi ya Wakristo kushika zamu Idi na Waislamu kushika Krismasi. Kozi inaongeza kitu kimoja tu, kwamba makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa na wote wawili mwezi mmoja kabla, na kwa Idi ziandikwe tarehe mbili, maana mwezi hauandami kwa rosta.

Siku ya pili inahusu lugha, na inafundisha kuchora ramani ya lugha za wodi. Swali linaloulizwa ni muhimu kuliko karatasi yenyewe. Huulizi "wewe kabila gani?" Unauliza: "Ni lugha gani unaweza kuchukulia historia ya mgonjwa mwanzo hadi mwisho bila msaada?" Wapo Wachaga waliozaliwa Kirumba, hapa Mwanza, wanaoongea Kisukuma safi, na wapo Wasukuma waliokulia Dar es Salaam wasiojua zaidi ya mwangaluka na wabeja. Kila muuguzi anajipa alama kwa kila lugha: 2 kama anaweza kuchukua historia na kueleza ridhaa ya upasuaji, 1 kama anaweza kusalimia na kuuliza kuhusu maumivu, 0 kama hajui. Alama zinahamishiwa kwenye rosta kwa kalamu za rangi, na mara moja unaona zamu isiyo na mtu hata mmoja wa Kikerewe au Kijita. Kwa lugha ambayo wodi haina mtu kabisa, unaandika jina la wodi au kitengo kilicho na mtu huyo, na namba ya simu ya ndani ya kitengo hicho.

Mahali pa hatari ni alama 1. Mtu wa alama 1 asitumike kamwe kwenye ridhaa, ushauri nasaha wa VVU au maelezo ya dawa za kwenda nazo nyumbani. Mfano wanaoutoa ni wa Kijaluo na unatosha kumwamsha yeyote: rem ni maumivu, remo ni damu. Aliyejifunza maneno kumi anaweza kuuliza damu akidhani anauliza maumivu. Mgonjwa anajibu kwa uaminifu alichoulizwa, na jibu linaingia kwenye faili likiwa limepinda. Asubuhi daktari anasoma faili, hamsikii mgonjwa.

Wanafundisha pia ukaaji. Muuguzi na mgonjwa wakabiliane, mkalimani akae ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo, ili macho ya mgonjwa yabaki kwa muuguzi. Sentensi fupi, moja moja. Mkalimani aseme "ninaumwa hapa" kama mgonjwa alivyosema, si "anasema anaumwa". Mwisho, mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakunywaje dawa, mara ngapi, na akiona dalili gani arudi. Kutikisa kichwa si jibu. Mama mkwe asikalimani swali la uzazi wa mpango, mtoto wa shule asikalimani habari za kutokwa uchafu ukeni. Mambo hayo yanajulikana, lakini usiku wa manane wakati zamu haina mtu, ndugu ndiye anayeitwa, na ndiyo maana ramani inachorwa mchana.

Lipo jambo la ndani zaidi ambalo kozi inaligusa na kuliacha njiani, na sisi tungependa walishike kwa mikono miwili. Muuguzi pekee anayejua Kijita kwenye wodi anaitwa kila mara. Anaacha wagonjwa wake, dozi za saa 8 zinachelewa, na lawama ya kuchelewa ni yake. Mwisho wa mwaka ana saa nyingi za ukalimani ambazo hazikuandikwa popote, na hakuna aliyemfikiria kukaimu kwa sababu "tunamhitaji pale kitandani". Lugha yake imegeuka mzigo badala ya sifa. Kitini kina aya moja tu juu ya hili. Utaratibu unaofaa ni huu: kila ukalimani unaozidi dakika kumi uandikwe kwenye daftari la zamu kwa jina na saa, wagonjwa wake wakabidhiwe mwenzake kwa muda huo, kwa mdomo na kwa jina, na saa hizo ziingizwe kwenye tathmini yake ya utendaji, kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), kama kazi iliyofanyika. Kisha kwenye mzunguko wa viongozi wa zamu, jina lake liwe la mwanzo. Mtu ambaye wagonjwa na ndugu zao wanamwelewa ana nusu ya uongozi tayari.

Siku ya nne, asubuhi, ni somo la majina, na limeandaliwa na mtu anayeijua kanda hii. Mtoto Msukuma akiitwa Kulwa, ni pacha wa kwanza; Doto ni wa pili. Kwa Wajaluo pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili Odongo au Adongo. Kwenye wodi ya watoto ya kanda hii unaweza kuwa na akina Kulwa watatu kwa wakati mmoja, na wauguzi waliotoka mbali hawana namna ya kulijua hilo mpaka waambiwe. "Mpe Kulwa sindano yake" ni sentensi ya hatari. Bendi ya mkononi iwe na jina la mtoto, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili, na kabla ya dozi visomwe angalau viwili kati ya hivyo, kimoja kikiwa namba ya faili. Tarehe ya kuzaliwa haitawatenganisha Kulwa na Doto, jina la mama pia halitawatenganisha. Namba ya faili ndiyo inayowatenganisha, kwa hiyo pacha wasishiriki faili moja hata siku ya kwanza.

Jina linaweza pia kusaidia. Mama akisema mwanawe mkubwa anaitwa Shija, muuguzi anayejua mila anatega sikio: Shija ni mtoto anayewafuata mapacha. Inawezekana kuna uzazi wa pacha ambao mama hakuutaja, labda kwa sababu hawakuishi na hakutaka kulirudia. Ulizo la upole linarekebisha hesabu ya mimba kwenye kadi. Wakufunzi wanasisitiza, na ni sahihi kabisa, kwamba jina ni kidokezo, si ushahidi, maana Shija mwingine amerithi tu jina la babu yake.

Somo la wodi ya wazazi linafuata, juu ya dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Ukiuliza "umekunywa dawa za kienyeji?" kwa sauti ya polisi, jibu ni hapana. Ukiuliza "nyumbani walikupa nini cha kukusaidia uchungu?", mama anasema. Na jibu likiwa ndiyo, kiongozi wa zamu anajua cha kufanya bila kugomba: kuhesabu mikazo ya uterasi kwa dakika kumi, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mara kwa mara, na kumwita daktari mapema mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika hizo kumi, kwa sababu kizazi kinachokaza bila kupumzika kinamnyima mtoto hewa na kinaweza kupasuka. Oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu, isiguswe mpaka daktari aone. Hapa ndipo faida ya timu mchanganyiko inapoonekana kwa macho: anayejua kuuliza kwa lugha ya nyumbani analeta habari, na anayeongoza zamu anaigeuza kuwa hatua.

Mchana wa siku hiyohiyo kozi inajikwaa vibaya. Inaletwa orodha ya "tabia za makabila": Wasukuma wako hivi, Wahaya wako hivi, Wakurya wako hivi. Orodha hiyo ifutwe. Inamfundisha muuguzi kumwona mgonjwa kabla hajamsikia, na washiriki wa makabila yanayotajwa wanakaa kimya mpaka jioni. Utani baina ya watumishi wanaofahamiana ni jambo la kawaida na zuri, lakini utani kwa mgonjwa mwenye maumivu, au kwa mtumishi mpya asiyeweza kujibu, si utani tena. Mstari huo haukuchorwa mahali popote kwenye kitini.

Siku ya kwanza ni historia, na imebebwa nzima kutoka nje. Yenyewe ni historia ya kutia moyo. Mary Seacole, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliomba kazi ya uuguzi vitani akakataliwa London, akajilipia mwenyewe kwenda kwenye vita ya Crimea kuwahudumia askari. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016 kwenye viwanja vya hospitali ya St Thomas'. Mary Eliza Mahoney alihitimu Boston mwaka 1879, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata mafunzo kamili ya uuguzi. Wauguzi Weusi wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1908 kwa sababu milango ilifungwa. Chama kikuu cha wauguzi kilipowafungulia uanachama mwaka 1948, chama chao kilivunjwa mwaka 1951, kikiamini kazi imekwisha. Haikwisha. Mwaka 1971 kikaundwa kingine, 1975 wauguzi wenye asili ya nchi zinazoongea Kihispania wakaunda chao, na mwaka 1998 vyama vya namna hiyo vikaungana kwenye muungano mmoja kudai udhamini wa masomo, nafasi za utafiti na viti vya maamuzi. Funzo lake ni zito: mlango kufunguliwa si sawa na kupandishwa ngazi.

Tatizo ni pale kitini kinapohamisha maneno ya huko yakiwa mazima. Kinazungumzia "walio wachache" na "walio wengi" kana kwamba Tanzania ni hivyo. Wasukuma ndio wengi kuliko kabila lolote nchini, lakini hilo halimfanyi muuguzi Msukuma kuwa na cheo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki wa Butiama, kabila dogo la mkoa wa jirani. Kwenye wodi zetu mpaka hupita kwingine: mwenyeji na mgeni, mwenye stashahada na mwenye shahada, mwajiriwa wa kudumu na wa mkataba, anayelipwa na anayejitolea. Kabila huingia kupitia milango hiyo, mara chache huingia peke yake.

Kosa kubwa zaidi ni fomu. Huduma ya afya ya Uingereza imekuwa na kipimo cha usawa wa asili za watumishi tangu mwaka 2015, chenye viashiria tisa. Kozi imekinakili, na fomu ya siku ya kwanza inamtaka inchaji aandike kabila la kila mtumishi wake. Nchi hii haijauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya mwaka 1967, na kuna sababu. Fomu kama hiyo ikipita wodini, watu watajiuliza nani ameiomba na itatumika kwa nini, na imani iliyojengwa kwa miaka itavunjika ndani ya chai moja. Tunashauri safu ya kabila itolewe kabisa, badala yake ziwekwe lugha (zile alama za siku ya pili), kada, mwaka wa kuanza kazi hapo, na aina ya ajira. Kuna viashiria viwili vya Uingereza vinavyofaa kubaki kwa sababu vinapima kitendo: nani anaandikiwa barua za kujieleza, na nani anapelekwa mafunzo yasiyo ya lazima. Hesabu hizo mbili zihamishiwe siku ya tatu, kwenye ile karatasi kubwa.

Siku ya tano ni kuandika mpango wa siku 90, picha ya pamoja na cheti. Baada ya hapo kuna kundi la WhatsApp. Hakuna mkufunzi anayefika kituoni, hakuna anayeuliza siku ya 30 kama mzunguko wa viongozi wa zamu umeanza. Kwa ada hiyo, simu mbili na ziara moja kwa vituo vya ndani ya mkoa zingewezekana, na bila hizo mipango mingi itabaki kwenye bahasha.

Kuhusu mazingira: ukumbi ni safi, feni zinafanya kazi, jenereta ipo. Wanaotoka Geita na Sengerema wanashuka stendi ya Nyegezi na kutembea, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawasubiri tena kivuko. Wanaotoka Bunda, Musoma na Magu wanashuka Nyamhongolo, kwa hiyo wahesabu muda wa daladala kuvuka mji mzima. Wa Ukerewe wafike Jumapili. Mchana kuna ugali na sato wa kukaanga, mtamu, lakini samaki wanakaangwa watu wakiwa wameshakaa, na saa moja ya mapumziko inakuwa saa moja na nusu kila siku. Waagize mapema.

Anayefaa kuhudhuria ni anayepanga rosta kwa mkono wake. Kumpeleka metroni ambaye rosta zinamfikia kwa kusainiwa tu ni kupoteza nafasi. Mwajiri akiweza, apeleke wawili wa wodi moja, inchaji na msaidizi, ingawa ni shilingi 360,000 kabla ya malazi, kwa sababu mmoja akirudi peke yake na habari za kugawa upya uongozi wa zamu, atapambana peke yake na mazoea. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama kozi ya tarehe hiyo imesajiliwa kwa pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) zinazotambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa kuwa kuhuisha leseni kunazihitaji, na cheti chenyewe hakitoshi kuthibitisha.

Njoo na rosta za miezi mitatu, daftari la kubadilishana zamu (nakala au picha zake kwenye simu, majina ya wagonjwa yakiwa hayaonekani), orodha ya likizo za mwaka, kalamu za rangi tatu na kikokotoo. Karatasi kubwa wanatoa wao.